Rudi kwa nesi saa nane mchana

Simu iliita saa tano usiku. "Nesi, mwanangu shingo imepinda, macho yamegeukia juu, hata mdomo hawezi kuufunga. Tuko kwa shehe, anamsomea." Mwanawe alikuwa kijana wa miaka 20, tulimruhusu kutoka wodini siku mbili nyuma akiwa na bahasha ya haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti na fikra za kutisha, imeandikwa 1x2. Namba yangu nilimpa mama mwenyewe. Habari ya shingo sikumpa.

Nikawaambia wachukue bajaji waje. Kijana akachomwa sindano moja, na mama akiwa bado ananisimulia walivyohangaika, shingo ikaanza kulegea. Nusu saa baadaye kijana alikuwa anaomba maji. Mama akanitazama, akauliza: "Sasa wewe ulikuwa unajua kwamba dawa inaweza kumfanya hivi?"

Nilikuwa najua. Kila aliyesomea uuguzi wa akili anajua kwamba dawa za kundi lile huweza kukaza misuli ya shingo, taya na macho, hasa kwa vijana wa kiume, hasa siku chache za mwanzo, na kwamba dawa ya kuilegeza ipo. Lakini siku ile nilikuwa na wagonjwa wengine 11 wa kuruhusu. Nikasema "ameze asubuhi na jioni, mrudi tarehe hii," nikaita jina linalofuata. Kwa sentensi mbili ambazo sikuzisema, familia ile ilikesha ikiamini majini yamerudi na hasira.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa wiki hii kwamba una skizofrenia (kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), au baipola (moyo kupanda mno, kisha kushuka mno), au sonona (huzuni nzito isiyoondoka), au chochote kilichoandikwa kwenye kadi yako ya kliniki. Na kwa ajili ya aliyekusindikiza. Nina ushauri mmoja mkubwa, mengine yote yanauzunguka: usitegemee maelezo ya siku ya kwanza. Rudi. Ukirudi mtafute nesi, na umtafute saa nane mchana.

Saa nane, kwa sababu saa mbili asubuhi benchi limejaa. Mmeiona ile elimu ya afya ya asubuhi: watu 60 wamekaa, muuguzi amesimama mbele anapaza sauti kama kondakta wa daladala, "Jamani, msikatishe dawa!" Nimeifanya kwa miaka. Kwa chanjo na vyandarua inafaa. Lakini mtu aliyeanza kusikia sauti mwezi uliopita hatanyoosha mkono mbele ya majirani aulize kama vidonge hivi vitamharibia mambo ya chumbani. Saa nane foleni imekwisha na nesi ana kiti cha pili. Mwambie: "Nimeanza matibabu juzi, sikuelewa vizuri, naomba unieleweshe." Wauguzi wengi wa akili hulainika kwa maneno hayo, hata wale wenye sura ya kufoka. Ukikutana na asiyelainika, rudi zamu nyingine.

Wala usijilaumu kwa kutosikia siku ya kwanza. Sisi tumekulia kwenye utani wa "mpelekeni Mirembe". Nairobi wana Mathari, Unguja wana Kidongo Chekundu. Hospitali zimegeuzwa matusi, kwa hiyo daktari akitamka neno "akili" mgonjwa husikia tusi, na dakika kumi zinazofuata anapigana nalo moyoni. Daktari anaendelea kueleza. Maneno yanapita juu.

Kwa hiyo siku ya kwanza sasa nasema mambo matatu tu. Huu ni ugonjwa na una matibabu. Dawa hii inaweza kukufanya hivi na hivi, ikitokea fanya hivi. Tunaonana tena siku fulani. Na kabla hata ya hayo nauliza: wewe mwenyewe unadhani umepatwa na nini?

Zamani nilikuwa naliogopa swali hilo, kwa sababu jibu mara nyingi haliko kwenye vitabu vyangu. Dada mmoja aliniambia ni shamba la urithi: lilipogawanywa, shangazi yake aliapa mbele ya watu. Ningemwambia aache ushirikina angeitikia "sawa, nesi" na nisingemwona tena. Nikamwambia ya shangazi sina kipimo chake, ila cha usingizi ninacho: umelala kwa saa mbili tu kila usiku kwa wiki tatu, na dawa hii kwanza itakurudishia usingizi. Tukaanzia hapo. Ya shangazi aliyapeleka kwa wazee wa ukoo. Kwangu alikuja kwa ajili ya usingizi, na bado anakuja.

Basi na wewe sema. Kama unakwenda kwa mganga, kwa mchungaji au kwa shehe, mwambie nesi wako bila kuficha. Dua na maombi hayagombani na vidonge. Mitishamba mingine yaweza kugombana navyo, ndiyo maana tunauliza. Na anayekwambia imani yako itaonekana ukitupa dawa, huyo mkwepe.

Nikimaliza kueleza siulizi "umeelewa?" kwa sababu kila mtu huitikia ndiyo. Nauliza: "Ukifika nyumbani, baba mkwe akitaka kujua hospitali wamesemaje, utamjibu nini?" Mama mmoja akafikiri, akasema, "Nitamwambia nina presha ya kichwa." Tukacheka wote, tukaanza upya, na kosa lilikuwa langu, nilizunguka mno. Hata kama nesi hakuulizi, mwambie mwenyewe: "Ngoja nirudie, usikie kama nimeshika."

Sasa dawa. Hapa usione haya kumchosha mtu.

Jua jina la dawa yako, rangi peke yake haitoshi. "Zile nyeupe ndogo" zilimfanya kijana mmoja ameze za presha za bibi yake wiki nzima. Kama umepewa dawa za kutuliza sauti na fikra zinazokutisha, uliza habari ya shingo, na uliza habari ya miguu: wapo ambao miguu hukataa kutulia, wanazunguka chumba usiku kucha, na ndugu hudhani ugonjwa umepanda, wanaongeza kidonge. Ni dawa ile ile inayofanya hivyo, na kuongeza ndiko kunakoharibu. Rudi kliniki, dozi itapunguzwa au utapewa kitu cha kusaidia. Lipo na jambo adimu lakini la hatari: homa kali, mwili kukakamaa kama ubao, akili kuchanganyika. Kwetu homa ikipanda watu wanakimbilia dawa ya malaria. Kwa mtu anayetumia dawa hizi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na bahasha ya dawa mkononi.

Za sonona zina ubaya mwingine: zinachelewa. Kichefuchefu au kinywa kukauka kinaweza kuja siku ya tatu, nafuu ikaja baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Watu wanaacha katikati ya pengo hilo, wakisema dawa imewazidishia. Na ukipata nafuu usiache siku hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka uendelee angalau miezi 6 baada ya kupona. Kwa mara ya kwanza ya saikosisi, yaani kusikia sauti au kuamini yasiyokuwepo, angalau miezi 12 tangu dalili zitulie, na kuacha kwenyewe ni kwa kushuka polepole pamoja na daktari.

Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, anahitaji maji ya kutosha, chumvi yake ya kawaida na vipimo vya damu. Diklofenaki na ibuprofeni, hizi tunazonunua duka la dawa kama pipi mgongo ukiuma, hupandisha lithiamu mwilini, kwa hiyo uliza kwanza. Ukiharisha, ukitapika, mikono ikitetemeka sana au ukianza kuyumba, usisubiri tarehe ya kliniki. Dada zangu, zipo na dawa nyingine za baipola: valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na karbamazepini hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Hilo lisemwe kabla ya kidonge cha kwanza. Wasipolisema, liulize wewe.

Wanaofunga Ramadhani, njooni Shaabani haijaisha. Dawa nyingi zinaweza kupangwa futari na daku. Lithiamu na kiu ya mchana kutwa ni mjadala wa peke yake, usiupitishe peke yako. Nimeona watu waliokatisha dozi nzima kwa mwezi kwa sababu tu hakuna aliyewauliza kama wanafunga.

Pombe, bangi na mirungi mnayajua, nisiwahubirie. Nitasema moja tu kuhusu mirungi: inafukuza usingizi, na usingizi ukiondoka kwa mtu mwenye baipola, ugonjwa unaufuata nyuma.

Aliyekusindikiza naye anahitaji kiti chake. Miaka ya 1950 huko London, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili, wakakuta jambo ambalo hawakulitarajia: waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao waliugua tena zaidi ya waliokwenda kupanga vyumba au kukaa na kaka na dada. Tafiti zilizofuata zikaonyesha tatizo ni nyumba yenye lawama nyingi, uadui, au kumkalia mtu kooni kwa wasiwasi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka baba mmoja aliyekuwa anamwamsha mwanawe kila asubuhi kwa neno "mvivu". Kijana yule hakuwa mvivu. Kukaa kimya, kutooga, kulala mchana, kupoteza hamu ya watu, hizo ni dalili za skizofrenia kama zilivyo sauti, na mara nyingi hubaki baada ya sauti kuondoka. Baba hakuwahi kuambiwa. Alipoambiwa, kwa faragha, bila mwanawe kuwepo, aliinama muda mrefu. Kesho yake alimpa kazi moja ya kuchota ndoo mbili, akaacha kuhesabu saa.

Kwetu huwezi kumpangia mgonjwa chumba Temeke ili aepuke lawama. Nyumba ni moja, watu ni wanane, na shangazi yuko njiani kutoka kijijini. Kwa hiyo inabidi nyumba ndiyo ifundishwe. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, walianzisha mradi wenye jina ninalolipenda, KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliowakutanisha wagonjwa na ndugu zao katika vikao vya pamoja Dar es Salaam na Mbeya. Hospitali yako huenda haina vikao vya namna hiyo. Mwombe nesi dakika 20 na ndugu mmoja, yule ambaye neno lake linasikika nyumbani. Mara nyingi siye anayekusindikiza.

Siku ya tatu au ya nne ya kuonana, tunaandika nyuma ya kadi dalili za kurudi kwa ugonjwa, na kila mtu ana zake. Fundi cherehani mmoja huanza kuosha vyombo saa tisa usiku na kuwashonea majirani bila kuchukua vipimo. Mwingine huzima redio kwa sababu inamtaja. Zikitokea mbili pamoja, nani anampigia nani? Jina liandikwe pale pale, na nauli ya kuja itengwe, hata ikiwa ndani ya kopo la chumvi.

Na hili sitalizungusha: kama mawazo ya kujiua yanakuja, mwambie nesi kwa maneno hayo hayo. Tunayasikia kila wiki, hatushtuki. Wewe ndugu, uliza wazi, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Sumu ya panya na dawa za mifugo ziondoke nyumbani, vidonge vikae kwako, umpe vya siku, na usimwache peke yake mpaka mfike hospitali.

Yule mama wa simu ya usiku bado namwona kliniki. Mwanawe alihamia sindano ya mwezi, anauza vocha na chaji karibu na stendi. Tarehe yao ikifika mama hukaa kwenye benchi mpaka saa nane, na akiona mama mgeni amekumbatia bahasha ya dawa humsogelea, anapindisha shingo yake mwenyewe na kugeuza macho juu. "Akifanya hivi," anamwambia, "kwa shehe mtakwenda baadaye. Kwanza njooni hapa."