Mikataba ya Kirumi inatusaidia nini leo? Nawajibu kwa kisa cha giaboksi

Mleta mada ameuliza kwa nini mwanafunzi wa sheria hapa Tanzania asumbuliwe na mikataba ya Warumi wakati tuna Sheria ya Mikataba yetu wenyewe, Sura ya 345. Mkuu, swali hilo hata mimi niliwahi kuliuliza nikiwa chuoni, na sikuridhika na majibu. Nililielewa baadaye, nikiwa karani kwenye ofisi ya wakili Dar es Salaam.

Siku moja aliingia mzee mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, Kongo. Alikuwa amenunua lori lililotumika kwenye yadi moja hapa mjini. Alilikagua, akalizungusha kidogo barabarani, akalipa taslimu. Alipofika Iringa giaboksi ikaanza kulia, na kabla ya Mafinga lori likagoma kabisa. Fundi alipofungua boliti ya chini, oili ilitoka nzito kama uji, imechanganyika na unga wa mbao. Mzee akaikinga kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo, akapanda basi nayo hadi kwetu, akaitua mezani juu ya gazeti. Mafundi wa humu mnaijua mbinu hiyo: unga wa mbao unameza kelele za gia zilizolika, mnunuzi akijaribu gari asisikie kitu.

Muuzaji alipoitwa alitoa nakala ya risiti iliyoandikwa chini kabisa: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Akaongeza, ulikagua mwenyewe, mzee wangu. Yule mzee hakupandisha sauti. Alirudia jambo moja tu kwa Kiswahili chake cha Katanga, kwamba kwao kasoro iliyojificha ni mzigo wa muuzaji, hata kama naye hakuijua. Mimi nilidhani anavutia kamba kwake. Wakili akaniambia hapana, kwa sheria ya kwao yuko sahihi, kisha akanituma nikafukue daftari langu la sheria ya Kirumi.

Nilichokikuta ni hiki. Masoko ya Roma yalisimamiwa na maofisa walioitwa aediles. Walitoa amri kwamba anayeuza mtumwa au mnyama wa kazi aseme wazi maradhi na kasoro zake. Asiposema, mnunuzi alikuwa na miezi 6 ya kurudisha alichonunua na kudai fedha yake, au mwaka mmoja wa kudai apunguziwe bei. Mwanasheria Ulpianus akafafanua kuwa haijalishi muuzaji alijua au hakujua. Muuzaji ndiye mwenye nafasi ya kuijua mali yake, na kwa mnunuzi hasara ni ileile. Kufikia wakati wa Mfalme Justinianus, aliyekusanya sheria hizo mwaka 533, kanuni hiyo ilikuwa inatumika kwa mauzo ya vitu vyote.

Sasa fuateni njia iliyopita. Wafaransa waliiingiza kwenye kitabu chao cha sheria za kiraia cha mwaka 1804, Ubelgiji ikaipata huko, na Wabelgiji wakaipeleka Kongo kwa dekreti, yaani amri ya serikali, ya tarehe 30 Julai 1888 inayohusu mikataba. Yule mzee hakuwahi kusoma Kilatini, lakini alichokuwa anakidai kwenye kiti cha plastiki pale ofisini ni haki ya sokoni Roma.

Sisi tulipitia njia nyingine. Kabla ya mwaka 1961 tulitumia sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inafuata ile ya Waingereza. Huko ndiko kwenye msemo "caveat emptor", yaani mnunuzi na ajihadhari. Wengi tunaukariri tukidhani ni wa Warumi kwa kuwa uko kwa Kilatini. Si wao. Ni Waingereza walioukuza, na amri ya aediles inasema karibu kinyume chake. Jambo hili linaniuma kwa sababu watu wanaibiwa madukani kisha wanaambiwa ndiyo sheria ya tangu zamani.

Hata hivyo sheria yetu haikumwacha mzee hivihivi. Kukagua kunakufunga kwa kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionyesha, na hakuna anayetegemewa kumwaga oili ya giaboksi kwenye yadi ya mtu. Tena Sura ya 345 inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ni ulaghai, na unga wa mbao haujiingizi wenyewe. Wakili alipoyaandika hayo kwenye barua ya madai, muuzaji alikuja kukaa mezani. Alirudisha sehemu ya bei iliyotosha giaboksi nyingine na kazi ya fundi. Warumi hilo dai la kupunguziwa bei waliliita actio quanti minoris.

Niongeze kitu ambacho sijaweza kukisahau. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Kirumi, Romania ya leo, vilipatikana vibao vya mbao vilivyopakwa nta na kuandikwa mikataba. Maandishi yaliandikwa mara mbili: nakala ya ndani ikafungwa kwa uzi na mihuri ya mashahidi, ya nje ikaachwa wazi isomeke. Kimoja ni cha mwaka 139. Kinachouzwa ni mtoto wa kike wa miaka 6 hivi, jina lake Passia, kwa denari 205, sarafu za Kirumi. Muuzaji anathibitisha kuwa ni mzima, hana kesi ya wizi, si mtoro. Mnunuzi anauliza, muuzaji anaahidi, kwa mtindo wa swali na jibu walioutumia kufunga ahadi. Wa pwani mtakumbuka ijabu na kabuli, yaani mmoja kutamka na mwingine kukubali, ingawa hiyo ina asili yake nyingine. Kinga tunayoidai leo kwa lori iliandikwa kwanza juu ya watu waliouzwa. Ukiisoma sheria ya Kirumi, soma na hilo, usiliruke.

Mzee alirudi mwaka uliofuata kununua lori la pili, yadi nyingine. Safari hii alitaka mkataba uandikwe kabla hajatoa hata shilingi, na mimi ndiye niliyeuchapa: muuzaji anathibitisha kuwa injini na giaboksi ni nzima, hazina kasoro iliyofichwa, na gari halina deni wala kesi ya wizi. Muuzaji aliusoma mara mbili, akaomba dakika tano, akaenda nje kumpigia fundi wake simu, kisha akarudi akasaini.