Paranitroanilini yako imelala mzungu wa nne

Mdogo wangu wa UDOM, unauliza kwa nini hesabu za kompyuta zinaisifu paranitroanilini, kemikali ya kukata urefu wa wimbi la mwanga nusu, lakini fuwele zako ukizipiga leza isiyoonekana ya nanomita 1064 hazitoi kijani cha 532. Hesabu hazijakosea. Kikundi cha amino upande mmoja wa molekuli kinasukuma elektroni, cha nitro upande wa pili kinazivuta, pete ya benzini katikati ndiyo njia yao. Molekuli mojamoja ina nguvu kweli. Shida ni malazi. Ndani ya fuwele molekuli zinalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kama sisi bwenini enzi zile vitanda havitoshi, kila moja inafuta kazi ya mwenzake. Jaribu 2-metili-4-nitroanilini: kikundi kidogo cha metili pembeni kinavuruga mpangilio huo. Ila usikimbilie kurefusha mnyororo wa vifungo pacha ili kuongeza nguvu. Ufyonzaji wa mwanga utasogea kuelekea kijani, dutu ianze kumeza kijani chake yenyewe.