Paneli ya sola ya wati 200 kwa nyumba ya Himbi, Goma

Dada, umeuliza kama paneli moja ya wati 200 na batri ya jeli ya Ah (ampea-saa) 100, volti 12, vitatosha taa nne, televisheni na simu. Vinatosha, mradi usichomeke frigo wala pasi. Hesabu yake: taa nne za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 140, televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200, simu kidogo tu. Hufiki 400. Batri hiyo ina wati-saa 1200 (100 mara 12), ila ya jeli usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema.

Mimi ningehofia fundi zaidi. Wangu wa kwanza aliunga batri kwa waya mwembamba kama wa redio, bila fyuzi; ukiugusa usiku unaunguza vidole. Wako akupeleke kwanza kwenye nyumba aliyofunga miaka miwili iliyopita, uongee na wenyewe yeye akiwa nje. Pesa usimpe yote, bakiza kiasi mpaka taa ziwake siku tatu mfululizo.

Paneli iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini. Ikilala bapa, majivu ya volkano ya Nyiragongo yatakupandisha bati na kitambaa kila mara.