Maneno ya thieta yananichanganya, nitayashikaje?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nasoma uuguzi mwaka wa kwanza hapa Dodoma. Maneno ya anatomi na ya upasuaji ndo yananimaliza, nakremu madesa usiku kucha asubuhi yameshapotea, testi imenipiga vibaya na sapu naiona inakuja. Wenzangu wanasema hakuna ujanja, kariri tu. Kweli hakuna njia nyingine?
Mwanafunzi, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa testi. Njia ipo, na hao wenzako nao wanajitesa bure.

Mengi ya hayo maneno yameungwa kwa vipande vilevile vya Kigiriki na Kilatini vinavyojirudia, wewe unayakremu moja moja kana kwamba hayajuani. Anza na mikia. Ektomi ni kukata na kutoa, kwa hiyo apendektomi ni kutoa kidole tumbo, splenektomi bandama, nefrektomi figo, histerektomi kizazi. Tomi peke yake ni kupasua tu bila kutoa kitu, laparotomi ni kufungua tumbo basi. Stomi ni kufungua tundu, ndo maana mgonjwa wa kolostomi unamkuta wodini na mfuko tumboni, utumbo mpana umeletwa nje choo kipitie hapo. Skopi ni kuchungulia ndani, rafi ni kushona, plasti ni kutengeneza upya. Ukishavishika hivyo hata neno hujawahi kuliona unalifungua mwenyewe, ila soma polepole maana kolektomi, yaani kutoa utumbo mpana, na kolostomi zinapishana kidogo sana kwenye karatasi na kwa mgonjwa ni vitu viwili kabisa. Kuna na ileamu, kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, alafu iliamu ambao ni mfupa wa nyonga. Hizo mbili usizisikilize tu, ziandike kwa mkono mpaka zikae.

Kingine, usisome anatomi umekaa tu na karatasi. Jishike. Weka kidole kwenye kitovu, kingine kwenye ile ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia inayochomoza mbele, alafu ugawe huo mstari mara 3, pale inapoishia theluthi ya kwanza kutoka kwenye nyonga ndo pointi ya McBurney, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeieleza mwaka 1889, na kidole tumbo kikivimba mara nyingi hapo ndo panauma zaidi ukibonyeza. Ukishapagusa kwenye mwili wako hupasahau. Simama pia kama kitabu kinavyotaka, mikono imeshuka viganja vinatazama mbele, utaona kwa nini gumba linahesabiwa upande wa nje na mfupa wa radiasi, mmoja wa ile miwili kati ya kiwiko na kiganja, uko upande wake. Na kulia siku zote ni kulia kwa mgonjwa, sio kwako wewe unayemtazama, hili naomba ulishike kuliko yote maana figo ziko mbili na ukikosea upande hakuna kurudisha.

Sasa jambo ambalo kwenye madesa yenu silioni. Mgonjwa aliyetoka Chamwino au Bahi hatakuambia epigastriamu, atakuambia chembe ya moyo inamuunguza, wewe ukisikia moyo unaandika moyo kumbe anaonyesha pale chini ya kidari, na mara nyingi shida ni tumbo lenyewe la chakula, ingawa moyo nao unaweza ukauma hapohapo kwa hiyo usimpuuze. Mwingine anasema ana mshipa. Mshipa upi? Inaweza ikawa ngiri, inaweza ikawa busha, au mshipa wa damu kabisa. Akisema mkono unauma ni kuanzia begani mpaka kwenye kucha. Usikisie, mwambie akuonyeshe kwa kidole. Kwa hiyo kwenye daftari lako kila neno la darasani liandikie pembeni na lile la mgonjwa, maana kesho ndo wewe utamweleza yule bibi anachoenda kufanyiwa kabla hajaweka dole gumba kwenye fomu ya idhini, kwamba atachomwa sindano ya mgongo na atakuwa macho, au ni nusu kaputi na atalala. Mtu anaweka dole kwenye kitu hajakielewa, hapana, hiyo siikubali hata kidogo.

Majina ya vifaa usiyahangaikie saa hizi. Ukienda fildi omba usimame thieta wakati wanahesabu gozi na vifaa, wanahesabu kabla ya kuanza na tena kabla ya kufunga, kwa sauti, kila kimoja kwa jina lake, fosepsi, klempu, ritrakta, na wewe fuatisha kimoyomoyo huku unakiangalia.