Unataka kazi za haki za LGBT kimataifa? Kaa hapa kwanza nikwambie

Jumapili iliyopita nimekaa zangu Kirumba nachambua dagaa, simu ikaita, meseji ndefu kama barua ya posa. Kijana wa hapa hapa Mwanza, kamaliza chuo mwaka jana, picha ya profaili kasimama juani anacheka. "Shikamoo dada. Nimesoma ulivyoandika kuhusu ukalimani. Mimi nina wito wa kutetea haki za LGBT kimataifa, naomba uniambie nianzie wapi, na wewe Geneva ulifikaje?"

Marahaba mdogo wangu. LGBT, kwa asiyejua, ni wasagaji, mashoga, wanaopenda jinsia zote mbili na waliobadili utambulisho wa jinsia. Na Geneva, kule Uswisi Umoja wa Mataifa unakojadili haki za binadamu, sijafika, tuanzie hapo.

Nimefanya hii kazi miaka saba na ushee, maneno niliyoyaandika yamefika Geneva mara mbili ila mimi mwenyewe mbali kabisa nilikofika ni Arusha, tena kwa basi. Sisemi hivi kulalamika. Haya, nalalamika kidogo. Lakini nataka ujue maana vijana wengi mkisikia "kimataifa" mnaona ndege na kitambulisho cha Umoja wa Mataifa kinaning'inia shingoni. Watu wa hivyo wapo na wanafanya kazi kubwa, siwabezi, ila kila mmoja aliyesimama kule ana mtu kama mimi aliyekaa kwenye benchi la mbao huku mwaloni, inakotia nanga mitumbwi ya wavuvi, anasikiliza mtu analia.

Mimi niliingia bila kupanga. 2014 nilikua msaidizi wa kisheria kwenye mradi wa ukimwi wa mialoni, tunazunguka kambi za wavuvi, mambo ya mirathi, wajane kunyang'anywa mitumbwi, vitu hivyo. Kati ya waelimishaji rika wetu walikuwepo vijana wa yale tuliyoyaita makundi maalumu, wakiwemo mashoga, na nilijifunza mengi kwao kuliko semina zote nilizosaini posho. Februari 2017 Serikali ikatangaza kufungia vituo 40 vya huduma za ukimwi kwa madai vinahamasisha ushoga, na wetu ukafunga mlango kimya kimya. Oktoba mwaka huo huo watu 13 wakakamatwa hotelini Dar, wakiwemo mawakili kutoka Afrika Kusini, walikua wanajadili namna ya kulipeleka suala la hivyo vituo mahakamani. Hapo ndo nikaelewa kwamba kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachoadhibu ngono "kinyume cha maumbile" kwa miaka 30 mpaka maisha, hata kama siyo wewe kinayemlenga kinaweza kukufanya ulale na simu umeizima.

Na watu wananiuliza sana, je na wewe ni mmoja wao? Sijibu. Siku zote sijibu. Nikisema hapana namwacha mwenzangu aliyekaa pembeni peke yake, nikisema ndiyo, wewe mwenyewe unajua.

Basi mwisho wa 2017 ikaja timu ya shirika moja la nje, wanataka mkalimani anayejua mialo. Kabla yangu walikua na kaka mmoja wa mjini, Kiingereza kinatiririka kama maji ya bomba siku yakitoka. Nikapewa kazi yake niipitie. Mama mmoja wa kisiwani alisimulia alivyofukuzwa na mumewe usiku, akasema "shoga yangu ndo akanificha". Huyu kaka kamtafsiria kwamba alifichwa na mwanaume shoga! Yule mtafiti wa watu kaandika ukurasa mzima kuhusu mshikamano kati ya wanawake na mashoga wa Ziwa Victoria. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikaacha kucheka, maana hiyo ingechapwa na watu wangeisoma London wakaamini. Mwanamke kumwita rafiki yake shoga, mama yangu mpaka leo anaitana hivyo na jirani yake pale Mabatini na wote wajukuu wanao.

Kwa hiyo nikapata kazi kwa sababu ya neno moja. Kama unataka ushauri, huo hapo wa kwanza, jua maneno. Kwenye karatasi wanaandika mwelekeo wa kijinsia, yaani unavutiwa na nani, na utambulisho wa kijinsia, yaani mwenyewe unajiona jinsia gani, ni lugha nzuri, inatumika kwenye Kanuni za Yogyakarta za 2006, zilizoandikwa na wataalamu wa haki za binadamu, na maazimio ya Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, lile la kwanza la Juni 2011 ambalo Afrika Kusini ndo waliliongoza, mpaka la 2016 lililoanzisha nafasi ya mtaalamu huru wa kufuatilia ukatili wa namna hii duniani. Yasome yote. Ila nenda kamuulize mtu wa kambini mwelekeo wako wa kijinsia ni upi, atakuonyesha Ukerewe kwa kidole. Mwenyewe atakwambia "mi niko hivi nilivyo", na wewe mkalimani ukae na hilo, usimvishe suti.

Sasa nije kwenye ile ambayo sijawahi kuiandika.

Mwanzoni mwa 2021 Tanzania ilikua inaelekea zamu yake ya UPR, ile tathmini ya haki za binadamu ambayo kila nchi ya Umoja wa Mataifa inakaa kikaangoni Geneva kila baada ya miaka minne mpaka mitano hivi, tulishapita 2011 na 2016. Mashirika yanaruhusiwa kupeleka taarifa zao ila kwa kipimo, shirika moja maneno 2,815, mkijiunga kadhaa 5,630. Hayo maneno unayapigania kama nafasi kwenye daladala ya Igoma saa kumi na mbili jioni. Mimi nilileta simulizi nne, moja ya mtu aliyepigwa na kunyang'anywa mali kambini, akaenda kushtaki akageuziwa kibao yeye. Jina lake sikuandika, nilijiona mjanja sana. Bosi wangu wa mbali, mtu mwema kweli sijawahi kumchukia, akaniandikia kwamba simulizi haina nyama, tuongezee vitu vidogo vidogo msomaji amwone mtu. Nikaongeza. Nikaandika ni mnunuzi wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, kahamia hapa kutoka Mara, anachechemea mguu wa kushoto.

Nilifurahi ilivyosomeka, nakwambia ukweli. Nilijiona mwandishi. Walipokuja kupunguza maneno wakakata uchambuzi wa sheria wakaacha mguu.

Zile taarifa zinawekwa intaneti kila mtu anasoma. Miezi ikapita. Mtu mmoja ambaye mpaka leo simjui akaitoa ile aya, akaitafsiri, ikaingia grupu la WhatsApp la wafanyabiashara ya samaki. Wanunuzi wa mabondo waliotoka Mara na wanachechemea, kwenye ule mwalo, walikua wangapi? Mwenye kambi akamuuliza mbele za watu. Usiku ule ule akavuka na mtumbwi, mzigo wake kauacha, wateja kawaacha.

Akanipigia baada ya wiki kwa namba ngeni. Hakunitukana. Akasema, "Dada, mguu wangu uliupeleka Ulaya wa nini?"

Mpaka leo sina jibu. Nilimtumia hela, alizipokea, tukamtafutia pa kuanzia upya na yuko salama, ila ile sauti nikiwa nachambua dagaa inarudi. Nilimwambia bosi, ripoti ikatolewa, ikaandikwa barua ya ndani yenye maneno kama "funzo tulilolipata". Jina lake likabaki siri sana kwenye ile barua. Walivyojitahidi kulificha jina!

Kwa hiyo mdogo wangu ukiniuliza ujuzi wa kazi hii ni nini, mimi sikwambii digrii ya sheria, japo inasaidia, wala kifaransa, japo ukienda Banjul kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu utakitamani. Nakwambia rudi kwa mtu umsomee kwa Kiswahili kile ulichomwandikia, neno kwa neno, kabla hakijaondoka. Msomee. Asiyejua kusoma msomee mara mbili. Umuulize mwenzako wa mtaani akisikia hivi atajua ni wewe? Yeye ndo anajua, wewe hujui, bosi wa mbali hajui kabisa. Tangu 2021 nimefanya hivyo kila mara na simulizi zangu zimekua nyembamba, zingine zimekataliwa kwa kukosa nyama, na sijali.

Fahari yangu niseme na yenyewe maana msije mkadhani ni vilio tu. Oktoba 2023 Tume ya Afrika ikafanyia kikao chake Arusha. Nilipanda basi Nyegezi alfajiri na chapati zangu kwenye mfuko, miguu imevimba, nikaingia kwenye mkutano wa pembeni nikatafsiri saa tatu bila mtu wa kunipokea, kuhusu Azimio 275, lile Tume ililipitisha Luanda 2014 kulaani ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya mwelekeo wao au hata kwa kudhaniwa tu. Hilo la kudhaniwa nilitafuta namna ya kulisema, nikasema "hata kama wamekusingizia", chumba kizima kikaguna. Kuna mwanasheria mtu mzima akaja mwishoni akanishika mkono akasema leo nimeielewa hii karatasi. Hiyo siiuzi. Na ujue ni Tume hiyo hiyo iliyowapa Muungano wa Wasagaji wa Afrika hadhi ya uangalizi 2015, yaani ruhusa ya kuhudhuria vikao na kuzungumza, ikawanyang'anya 2018 baada ya kubanwa na wakuu wa Umoja wa Afrika, kwa hiyo usije na matumaini ya mstari mnyoofu. Wengi wanaingia mle kupitia mgongo wa mashirika ya haki za binadamu ya jumla.

Kitu kingine kinaniudhi, hizi adhabu za misaada. 2011 Cameron akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza alizungumzia kupunguza misaada kwa nchi zinazonyanyasa mashoga na wanaharakati wengi wa Afrika wakatoa tamko la pamoja wakasema hapana, mtatuletea balaa. Hawakusikilizwa vya kutosha. Novemba 2018 Denmark wakazuia kroni milioni 65 za kwetu baada ya Mkuu wa Mkoa wa Dar kutangaza msako wa mashoga, mimi siku hiyo niko sokoni namsikia mama anasema "hawa watu wametukosesha hela". Hawa watu anaowasema mmoja alikua anampimia sato pale pale. Anayekaa mbali akikasirika kwa niaba yako amuulize kwanza anayelala huku.

Na hela zenyewe, usizitegemee. Januari 20, 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na kazi nyingi za namna yetu zilikua zinaning'inia kwenye kamba hiyo hata kama hukuona ilipofungwa. Mkataba wangu ulikufa kwa barua pepe ya mistari minne, mmoja ukiwa wa kunitakia heri. Miaka saba na ushee. Ndo maana unanikuta na dagaa, na dagaa namshukuru Mungu wanalipa ada. Uwe na kitu chako pembeni, shamba, cherehani, chochote, la sivyo siku mfadhili akigeuka utaanza kuongeza chumvi kwenye shida za watu ili mradi upite, nimewaona wanaofanya hivyo na wengine nimekula nao.

Halafu ninyi vijana mnapenda sana kuonekana. Naona mtu kahudhuria warsha ya siku mbili Kampala kashapiga picha na bango na wenzake sita nyuma ambao hawajaulizwa. Hamjui ya David Kato, mtetezi wa haki za mashoga wa Uganda? Ng'ambo ya ziwa hapo tu. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala likachapa picha na majina ya watu na maneno ya kuwanyonga, yeye na wenzake wakaenda mahakamani, wakashinda mwanzoni mwa Januari 2011, na tarehe 26 mwezi huo huo akapigwa nyundo nyumbani kwake akafa. Kuna mtu alifungwa miaka 30 na sababu yake watu wanabishana mpaka kesho, ila picha ilitangulia. Fannyann Eddy, mtetezi kama huyo wa Sierra Leone, alikwenda Geneva Aprili 2004 akazungumza kwa jina lake mwenyewe, Septemba akauawa Freetown ofisini. Hawa walichagua wenyewe kuonekana na nawavulia kilemba. Wale sita nyuma ya bango lako nani kawachagulia?

Mara ya pili maneno yangu yalivyofika Geneva niliangalia kwa simu, niko nje ya duka la jirani natumia kivuli chake. Asasi zinapewa dakika mbili, wakati mwingine moja na nusu, kipaza sauti kinakatwa. Akasoma dada mmoja simjui, lafudhi siyo yetu, sentensi zangu tatu zilikuwemo kama nilivyoziandika na kama nilivyomsomea mwenyewe akakubali. Bando likaisha kabla hajamaliza. Nikanunua lingine la mia tano, nikakuta wameshahamia nchi nyingine.

Kwa hiyo njoo. Sikukatazi, hii kazi inahitaji watu wa ziwa wanaojua kambi na wanaojua kunyamaza. Anza kwa wasaidizi wa kisheria, jitolee kwenye kesi za kawaida za ardhi na mirathi ujifunze kuchukua maelezo ya mtu bila kumwonjesha majibu. Nikiona nafasi nitakwambia, ila siyo kwa meseji, utanikuta Mwaloni upande wa dagaa, uliza mama wa ndoo nyekundu.

Meseji yako nimeshaifuta na namba sijaihifadhi, usijisikie vibaya. Na ile picha ya profaili itoe leo. Nimeivuta ikawa kubwa, kibao cha duka nyuma yako kinasomeka mpaka namba ya wakala.