Kabla Hujaandika Filamu ya Watu Wasio wa Kwenu

Juzijuzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, naandika filamu yenye mhusika Mmaasai, nifanyeje nisikosee?" Nimekaa na ujumbe huo siku tatu, maana swali hilo mimi sikumuuliza mtu, na nililipia.

Filamu yangu fupi ya kwanza ilikuwa na mlinzi wa Kimaasai. Nilimpa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, kila akifungua mdomo watu wacheke. Na walicheka kweli. Tulipoionyesha Arusha, mlinzi wa ukumbi, mzee wa Kimaasai, aliitazama yote akiwa amesimama mlangoni. Natoka, nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, sisi tukiwa nyumbani kwetu tunaongea namna ile?" Sikuwa na jibu. Hata sasa nikiandika haya koo linanikaba.

Baada ya hapo sikuandika kitu kwa muda mrefu, mpaka nilipoangalia Broken Arrow, filamu ya Kimarekani ya Delmer Daves, ya mwaka 1950. Hadithi ni ya Arizona, 1870. Tom Jeffords, anayeigizwa na James Stewart, anamtibu kijana aliyejeruhiwa wa Kiapache, wenyeji wa asili wa huko, anajifunza lugha yao, kisha anapanda milimani peke yake kumwomba kiongozi wao, Cochise, awaache wabeba barua wapite salama. Mwanzoni kabisa anatuambia kwamba Waapache watakapozungumza, watazungumza kwa lugha yetu, yaani Kiingereza cha watazamaji wake, ili tuwaelewe. Nikaisimamisha filamu hapo hapo. Sentensi moja tu, na Cochise hababaiki tena: anapima maneno, anashauriana na watu wake, anakasirika kama kiongozi anavyokasirika.

Aliyeiandika, Albert Maltz, alikuwa amepigwa marufuku Hollywood kwa siasa zake, ikabidi skripti itoke kwa jina la Michael Blankfort. Mtu aliyenyimwa jina lake ndiye aliyewapa Waapache kauli. Hilo linanigusa kila nikilikumbuka.

Dosari zipo. Cochise ni Jeff Chandler, mzaliwa wa Brooklyn, na msichana wa Kiapache anayeolewa na Jeffords ni Debra Paget, naye si Mwapache. Halafu filamu inatuacha kwenye matumaini, wakati amani ambayo Cochise aliafikiana na Jenerali Howard wa jeshi la Marekani mwaka 1872 haikufika mbali. Cochise alifariki 1874, na 1876 serikali ikalifunga eneo walilotengewa Wachiricahua, yaani Waapache wa Cochise, ikaamuru wahamie eneo jingine, San Carlos.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mpe huyo Mmaasai lugha nzima. Akiwa kwao na wenzake, aongee kama mtu aliye kwao: abishane, atanie, anyamaze kwa sababu zake. Usimwazime ulimi mbovu ili wewe uonekane mchekeshaji. Nenda ukakae nao. Kaa nao tena. Kisha wasomee ulichoandika, tena kwa sauti, ukiwatazama machoni.

Mwezi uliopita skripti yangu mpya ilichaguliwa kwenye tamasha, na najivunia. Lakini kabla ya kuituma nilirudi Arusha, nikamtafuta yule mzee, nikamsomea kurasa zote tukiwa tumekaa kwenye benchi lake. Alinisimamisha mara nne. Kote nilibadilisha.

Kurasa zako nitazisoma kwa furaha. Nitumie ukishamsomea mtu wa kwao, si kabla.