Madogo mnaotundika daluga, yaani mnaoacha kucheza mpira, kaeni hapa niwaambie

Juzi Jumanne saa moja asubuhi nimemkuta dogo mmoja kituoni Makumbusho, traksuti ya timu, begi la viatu begani, namuuliza unaenda mazoezini wapi ananijibu "nipo nipo tu kaka". Ligi nzima inajua katemwa dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu. Roho iliniuma kwa sababu lile begi nalijua, nimelibeba mwenyewe. Sa naandika kwa hasira na kwa upendo, mtanisamehe.

1. Kustaafu sio siku ya kuagwa. Siku ya kuagwa kuna picha na jezi ya fremu. Kustaafu kwenyewe kunakuja kama wiki ya tatu, umeamka saa kumi na moja na nusu bila alamu, mwili unataka kukimbia na hakuna anayekusubiri popote. Tangu una miaka 16 kuna mtu anakupangia ule nini, ulale saa ngapi, uingie kambini lini. Hiyo ikikatika, siku moja tu inakuwa ndefu hujui uishike wapi.

2. Usifiche. Mimi nilificha. Goti la kulia lilichanika ligamenti, nikapasuliwa, timu haikuniongezea mkataba. Nikamwambia mama watoto nimepata timu daraja la chini, mazoezi ni asubuhi. Basi kila siku natoka Tabata na begi langu, napanda gari la Kivukoni, nakaa pale feri naangalia pantoni linaenda Kigamboni linarudi, linaenda linarudi, mpaka saa sita, afu narudi home najifanya nimechoka. Miezi minne. Usiku silali, chakula hakina ladha, simu za wenzangu sipokei, mechi ikianza kwenye tivii nazima, mtoto akilia namfokea mpaka anatetemeka, na hilo ndo mpaka leo linaniuma kuliko goti.

Siku moja narudi nakuta mama watoto kakaa sebuleni, daluga zangu kaziweka juu ya gazeti, anapitisha kidole kwenye njumu moja moja. Akasema taratibu, "Baba Rehema, masika yote haya daluga hazina hata tope. Na soksi nafua safi." Nikakaa kimya. Akaniuliza, "Unaumwa?" Nikalia pale pale. Pesa sio iliyonifanya nidanganye madogo, pesa tungekopa. Mtaa mzima ulikuwa unaniita kwa namba ya jezi, sasa namba kapewa mtu mwingine, mimi ni nani?

3. Hiyo kitu inaitwa sonona na ni ugonjwa kama malaria. Wiki mbili mfululizo huzuni haitoki, hulali, hakuna kinachokufurahisha, nenda hospitali, pale Muhimbili kuna idara nzima ya afya ya akili. Ukianza kuwaza bora nisiwepo, hapo usisubiri hata kesho, mwambie mtu akupeleke. Mjomba wangu mimi alishaanza kuulizia mganga Bagamoyo, anasema ni wabaya wangu wa mpira, nampenda sana mzee wangu lakini kilichonisaidia ni dawa na kuongea na mwanasaikolojia, na dawa zenyewe zilichukua wiki kadhaa ndo nikaanza kulala, kwa hiyo usiache njiani. Na usijione wa ajabu. 2015 FIFPRO, chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, waliwauliza wachezaji wastaafu 219, 35% walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Muogeleaji Mmarekani Michael Phelps ana medali 28 za Olimpiki, 23 dhahabu, kasema mwenyewe hadharani kuwa baada ya London 2012 hakutaka hata kuishi. Sa wewe na mimi tunaona aibu ya nini?

4. Michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uifuatilie mwenyewe, usiulize ukishatemwa.

5. Kozi ya leseni D ya ukocha isome ukiwa bado unacheza. Mzee Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, na alipomaliza mbio akaja kufungua shule.

Na wewe dogo wa Makumbusho, leo ukifika nyumbani mwambie mama yako ukweli. Afu Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi maveterani tupo viwanja vya Leaders, njoo na hilo begi. Mimi nitakuwa golini, goti haliniruhusu tena kukimbia.